Valvu Haikuwa na Kosa

Mwaka juzi niliandika makala ya maneno 1,000 kuhusu kifaa ambacho sikuwa nimewahi kukishika. Nililipwa dola 12. Mteja wangu alikuwa ng'ambo. Sura yake siijui, na jina alilotumia sidhani lilikuwa lake. Nilichojua ni anachotaka: kichwa anakupa yeye, sentensi ziwe fupi, na sauti iwe ya mtu anayejua. Hilo la mwisho alilisisitiza. Kwenye maelekezo aliandika kabisa kwamba maneno kama "huenda" na "labda" yasitumike, maana msomaji akiona mwandishi anasitasita anaondoka. Mimi nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Nikaondoa "labda" zote.

Kifaa chenyewe ni ile valvu inayoachia hewa kwenye gari la tabo. Kwa asiyejua (na mimi wakati ule nilikuwa mmoja wao), tabo ni feni mbili kwenye mtaimbo mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta yanaongezwa, nguvu inapanda. Hapa Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na mtu aliyezoea tabo akipewa gari la kawaida kupanda nalo mlima analalamika kama amepewa punda. Sasa, ukiachia mafuta ghafla, mlango wa hewa kwenye injini unajifunga, lakini tabo bado inazunguka kwa kasi ya ajabu. Ile hewa iliyokwisha kushindiliwa inagonga mlango uliofungwa na kurudi nyuma kuipiga feni. Ndipo valvu inapofunguka na kuipa njia.

Inajuaje wakati wa kufunguka? Kuna kijipaipu cha mpira, chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, kinachotoka kwenye manifoldi ya hewa, baada ya ule mlango, mpaka juu ya kichwa cha valvu. Ukikanyaga mafuta, presha inakuwa karibu sawa juu na chini ya valvu, na springi inaishikilia ifunge. Ukiachia, manifoldi inabaki na upungufu wa hewa, kijipaipu kinafyonza, utando ndani ya valvu unavutwa juu, njia inafunguka. Basi. Valvu haina macho wala akili. Habari zote za injini inazipata kupitia kijipaipu hicho kimoja.

Kwenye makala yangu kijipaipu kilipata nusu sentensi.

Niliandika vile wengi wetu tunaandika hizi kazi. Nilifungua kurasa kumi, nikaona zote zinasema dalili zilezile: gari kukosa nguvu, mlio wa hewa kuvuja ukikanyaga, injini kupanda na kushuka yenyewe gari likiwa limesimama, au ule mlio wa "tu-tu-tu" ukiachia mafuta. Kurasa kumi zikikubaliana, nani atabisha? Sikujiuliza kama zile kumi zilikuwa shahidi kumi au shahidi mmoja aliyebadilisha shati mara tisa. Nikapanga upya, nikaweka maneno yangu, nikamaliza kwa kumwambia msomaji kwamba akiona mbili kati ya dalili hizo, valvu imekufa, abadilishe. Nikatuma kabla ya saa sita usiku na kulala vizuri.

Kaka yangu ana gari la tabo, Subaru Forester ya 2007. Anakodisha spika. Harusi, matanga, mikutano ya kanisa. Wikendi utamkuta ameondoa viti vya nyuma na kupakia vyuma mpaka gari linachuchumaa. Yeye aliishia kidato cha nne. Mimi nilienda chuo, na miaka miwili ya mwanzo karo yangu ilitoka kwenye hizo spika. Mwaka wa tatu niliacha. Sababu nimezieleza mara nyingi kwa namna nyingi, na zote ni za kweli kiasi. Yeye hakunigombeza. Alisema tu, "Utarudi," na hadi leo akinijulisha kwa watu ananiita "yule wetu wa chuo."

Kwa hiyo aliponipigia simu mwaka jana akisema gari limekufa nguvu, nilikuwa nimeshajibu kabla hajamaliza.

"Ukikanyaga inapiga kelele kama tairi linatoa pumzi? Na ukisimama kwa taa inapanda na kushuka?"

"Eeh! Umejuaje?"

"Hiyo ni valvu. Nimeandika kuhusu hiyo kitu."

Nilisikia akicheka kwa furaha upande ule. Nakumbuka jinsi kicheko hicho kilivyonipendeza. Mtu ambaye amekula pesa ya kaka yake miaka miwili bila kurudisha hata cheti, mara moja ana jibu lenye thamani. Sikusema "nadhani." Sikusema "mpelekee fundi kwanza aangalie." Nilisema hiyo ni valvu.

Alinunua valvu kuukuu iliyotoka Japani, shilingi 14,000, Kirinyaga Road. Pesa hizo alikuwa anazichanga za amplifaya. Tukamwita kijana wa mtaani mwenye spana, akafungua boneti, na hapo nikamulika kwa tochi ya simu nikiitafuta ile valvu niliyoiandikia maneno 1,000. Sikuiona. Kijana ndiye aliyeweka kidole: ilikuwa pale pale juu, imebanwa kwa boliti mbili ubavuni mwa kile kipoza hewa ambacho mafundi wanakiita intakula. Nikasema "hiyo," kama mtu aliyekuwa anamsubiri tu mwanafunzi ajibu. Kazi haikuchukua nusu saa. Tukatoka nayo mpaka Thika Road, gari likavuta. Kaka alinipiga bega. Alininunulia nyama.

Siku tisa baadaye alikuwa anarudi kutoka matanga Narok. Nyuma spika, mbele yeye na binti yake wa miaka sita, ambaye hakupaswa kukaa mbele lakini viti vingine vilikuwa nyumbani. Ile barabara ya kupanda kutoka Mai Mahiu kila mtu anaijua: malori yanatambaa, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine ni Bonde la Ufa lenyewe. Juu kidogo ya kile kikanisa cha Waitaliano aliona mwanya, akatoka kupita lori. Katikati ya kupita, gari likaishiwa. Halikuzima. Lilikaa tu pale, kando ya lori, likivuma bila kusonga, na mbele lori lingine linashuka. Dereva wa lori la kupanda aligundua, akafunga breki, kaka akarudi nyuma yake kwa kubahatisha. Hakuna aliyeguswa. Binti aliuliza kwa nini Baba anatetemeka.

Haya nayajua kwa sababu alinisimulia Jumatatu tukielekea gereji moja Kariobangi. Alisimulia kama kisa cha barabarani, hakunitaja popote.

Fundi wa pale ni mzee mwenye maneno machache. Kaka alianza kumweleza shida, mzee akamwinulia mkono. "Ngoja. Washa." Akasikiliza. Akaomba gari lizimwe. Nilitarajia mashine, kompyuta, kitu. Alichofanya ni kushika kile kijipaipu cha mpira na kukipinda taratibu kwa vidole viwili, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kama mtu anayehesabu tasbihi. Karibu na kichwa cha valvu, upande wa chini usioonekana, mpira ulifunguka kama mdomo. Ufa wa urefu wa punje ya mchele.

Halafu akauliza valvu ya zamani iko wapi. Ilikuwa kwenye buti, imefungwa gazeti. Akachomeka kipande cha paipu kizima kwenye chuchu yake, akafyonza kwa mdomo, akaziba kwa ulimi, akakaa. Tulimtazama. Sekunde kumi, kumi na tano. Akatoa ulimi na tukasikia utando ukirudi mahali pake, *tak*. "Hii inashika," akasema. "Hii ni nzima. Hata hiyo mlinunua ni nzima."

Alitueleza, na hapa ndipo nilipoielewa makala yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ufa ule gari likiwa limesimama ulikuwa unavuta hewa ya wizi, ndiyo maana injini ilikuwa inapanda na kushuka. Ukikanyaga mafuta, presha iliyopaswa kufika juu ya valvu kuisaidia springi ilikuwa inatokea kwenye ufa. Presha ya chini ikashinda, valvu ikafunguka wakati wa kufunga, na nguvu yote ikarudi ilikotoka. Dalili zilikuwa za valvu mbovu kabisa, moja baada ya nyingine. Kumbe valvu ilikuwa inafanya inavyoambiwa. Iliambiwa uongo. Na kwa nini ilipona siku zile za kwanza? Kijana alipofunga ile mpya alikisukuma kijipaipu ndani zaidi kwenye chuchu, ufa ukazibwa. Joto na mtikisiko vikakirudisha nje polepole.

Kipande cha paipu kipya: shilingi 150. Kazi: 500.

Kabla hatujaondoka mzee aliuliza, akifuta mikono, "Ni nani aliwaambia ni valvu?"

Kaka alijibu bila kuniangalia. "Tuliambiwa na mtu."

Na mimi nikanyamaza.

Katika vitu vichache nilivyobeba kutoka chuo kimo kisa kimoja cha mwaka wa kwanza, darasa la falsafa saa mbili asubuhi. Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, W. K. Clifford, mwanahisabati aliyekufa akiwa na miaka 33 tu, aliandika kuhusu mwenye meli. Meli yake imezeeka, imetengenezwa mara nyingi, na inakaribia kuondoka na familia za wahamiaji. Watu wamemtia shaka. Kuikagua ni gharama. Basi anajizungumzia mwenyewe: mbona imeshasafiri salama mara nyingi, mbona Mungu atawalinda hawa watu. Polepole shaka inakufa na anaamini, kwa moyo mweupe, kwamba meli ni nzima. Inazama. Analipwa bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao.

Hilo darasa zima tulilikubali. Kilichotugawanya ni kilichofuata. Clifford anabadilisha kisa: tuseme meli haikuzama. Ilifika, na ikafika tena na tena. Je, hatia imepungua? Anasema haijapungua hata chembe. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kupinga. Nilisema hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna kesi. Nilisema kwa ufasaha sana, na mwalimu akanisifu kwa ufasaha huo bila kusema kama nilikuwa sahihi.

Sasa mimi nina meli ambayo haikuzama. Inaitwa Forester, ilikuwa juu ya Mai Mahiu, na aliyeiokoa ni dereva wa lori ambaye sitamjua. Nikijaribu kurudia hoja yangu ya darasani, kwamba hakuna aliyeumia, inanikwama. Nilichomwambia kaka kwenye simu kilikuwa kilekile, neno kwa neno, lori la kushuka likiwahi au likichelewa. Sekunde mbili za barabarani haziwezi kurudi nyuma siku tisa na kuyabadilisha maneno yangu kutoka mabaya kuwa mazuri.

Lakini sikubaliani na Clifford mpaka mwisho. Yeye anataka mtu asiamini chochote bila ushahidi wa kutosha, popote, kamwe. Mwenye kuishi hivyo hatavuka barabara. William James alimjibu mwaka 1896 kwamba kuna mambo lazima uamue kabla ushahidi haujafika, na mtu yeyote aliyewahi kupenda, au kuacha chuo, anajua James ana kitu. Hata yule mzee wa Kariobangi alikisia. Hakuanza na kijipaipu kwa ufunuo. Alikisia kwamba mpira wa miaka mingi karibu na joto hupasuka, na kwamba kitu cha shilingi 150 hukaguliwa kabla ya kitu cha 14,000. Tofauti ni kwamba alikisia kwa vidole vyake, na kisio lake lingekuwa kosa, lingemgharimu yeye dakika mbili. La kwangu lilikuwa kwa mfuko wa mtu mwingine.

Na kuna jambo Clifford halisemi sana, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kiswahili kina "nadhani" na kina "najua," na "nadhani" haina bei. Ningemwambia kaka "nadhani ni valvu, lakini sijawahi kuiona hata moja," angebaki na uamuzi wake mkononi. Angeweza kusema tujaribu bahati. Angeweza kumpelekea mzee kwanza. Nilipolificha neno lile, sikumpa habari mbovu tu. Nilimnyang'anya sababu ya kukagua. Kama ile valvu, alifanya alivyoambiwa.

Najua utasema ni yeye pia. Alitaka jibu la haraka, Jumamosi ilikuwa na harusi. Kweli. Sisi wote tunampenda anayejibu haraka. Fundi anayesema "sijui bado, niachie gari mpaka kesho" anapoteza wateja kwa yule wa pili anayesema "hiyo ni koili, leta elfu nane." Yule mteja wangu wa dola 12 hakuwa mjinga, aliwajua wasomaji wake. Ukipita mtaani usiku utasikia vijana waliotoa valvu iliyokuja na gari, ile inayorudisha hewa ndani, wakafunga inayoitema nje ili ipige ule mlio wa "pshhh." Kwenye gari linalopima hewa kwa sensa mlangoni, hewa hiyo imeshahesabiwa na mafuta yake yameshapangwa. Ukiitema, mafuta yanazidi, gari linakohoa moshi mweusi. Lakini watu wamegeuka kuangalia. Sidhani mimi ni tofauti sana nao.

Wiki mbili baada ya Kariobangi nilimwambia kaka ukweli. Kwamba niliandika ile makala bila kuwahi kuona valvu. Alikuwa anakunja nyaya, hakusimama.

"Nilijua. Niliona vile ulikuwa unaitafuta na tochi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulisema ni hiyo. Nikajua basi umesoma."

Nimemwandikia yule mteja nikiomba kurekebisha makala, bure, niongeze kijipaipu na ule mtihani wa kufyonza kwa mdomo. Alinishukuru, akasema inafanya vizuri ilivyo, akanipa kichwa kingine: sindano za mafuta, maneno 1,200. Niliikataa. Mwezi uliofuata alinipa nyingine, ya mikeka ya yoga, na hiyo nikaifanya, kwa sababu kodi ni kodi na sidhani mkeka utaishiwa nguvu mlimani.

Valvu ya zamani iko mezani kwangu. Kaka alisema niiuze nimrudishie kitu. Nimeijaribu mwenyewe, kwa mdomo, mara tatu siku tatu tofauti. Ina ladha ya mafuta na sarafu, na inashika kila mara. Niliitangaza kwa 6,000. Kijana mmoja wa Ruiru alinitumia ujumbe asubuhi ileile, yuko tayari kutuma pesa: Forester yake imekufa nguvu, inapiga kelele ukikanyaga, inapanda na kushuka ikisimama. Akauliza, hii itaimaliza hiyo shida?

Nikamwandikia kwamba valvu ni nzima, nimeipima. Halafu nikamwuliza amejuaje ni valvu, na kama ameshapinda kile kijipaipu aangalie upande wa chini.

Alisoma. Hajajibu, na ni wiki ya tatu sasa.